Gemu huru: uuze kopi, uingie Game Pass, au vyote viwili?

Studio ndogo inayokaribia kumaliza gemu huru, yaani iliyotengenezwa bila kumilikiwa na kampuni kubwa, ina namna mbili kuu za kuigeuza kuwa fedha. Ya kwanza ni kuuza kopi moja moja kwenye maduka kama Steam, Epic, itch.io na yale ya konsoli, mashine za gemu kama Xbox na PlayStation. Ya pili ni kuikodisha kwa huduma ya malipo ya mwezi, kama vile Xbox Game Pass, PlayStation Plus, Apple Arcade au Netflix, ambako mchezaji hulipia mlango kisha akacheza chochote kilichomo ndani. Watu hubishana ipi ni bora kana kwamba ukishika moja umeiacha nyingine. Sivyo: Game Pass kwa kawaida haikuzuii kuuza Steam siku hiyohiyo, ilhali Apple Arcade ilipoanza ilimfungia mtengenezaji soko lote la simu. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, jua ofa inagusa mauzo gani ambayo ungeyapata bila hiyo ofa.

Kopi moja inakuachia kiasi gani

Tuanze na Steam, kwa sababu ndiko wanunuzi wengi wa kompyuta walipo. Unalipa dola 100 kwa kila gemu, na fedha hiyo hurudi gemu ikishaingiza dola 1,000. Ukishalipa, itakubidi usubiri siku 30 ndipo uruhusiwe kutoa gemu, na ukurasa wake lazima ukae wazi kwa umma angalau wiki mbili kabla. Wiki mbili ni kiwango cha sheria tu. Kwa kazi halisi ufungue miezi sita au zaidi mapema, maana wanaoiweka gemu kwenye orodha yao ya kusubiri ndio Steam huwatumia barua pepe siku ya kutoka, na tena kila unapotoa punguzo la asilimia 20 au zaidi.

Valve, kampuni yenye Steam, hukata asilimia 30 hadi mapato yafikie dola milioni 10, kisha 25 hadi milioni 50, kisha 20. Gemu huru nyingi huishi na kufa ndani ya ile 30. Epic hukata 12, na tangu Juni 2025 haikati chochote kwenye dola milioni moja za kwanza za kila mwaka kwa kila gemu. itch.io hukuachia uchague mwenyewe; usipobadilisha hukata 10. Usivutwe na asilimia pekee. Duka lisilokukata kitu lakini lisilo na wateja wako halikuingizii chochote.

Kisha kuna yale yasiyoonekana kwenye bei: kodi ya ongezeko la thamani huko Ulaya, bei za chini katika nchi za kipato cha chini, punguzo, na wanaorudishiwa fedha. Steam humrudishia mnunuzi aliyecheza chini ya saa mbili ndani ya siku 14. Gemu inayoisha kwa dakika 90 ijue hilo mapema.

Kwa studio iliyo Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kuna kodi ya zuio ya Marekani, ile inayokatwa kabla fedha hazijakufikia. Katika Afrika nzima, Marekani ina mikataba ya kodi ya mapato na Misri, Moroko, Afrika Kusini na Tunisia tu. Wengine wote hukatwa asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na wanunuzi walioko Marekani. Utajaza fomu W-8BEN ukiwa mtu binafsi, au W-8BEN-E ukiwa kampuni. Ukiijaza vibaya unaweza kukatwa hata pasipostahili.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi tupige hesabu ya mfano. Gemu ina bei ya dola 14.99. Tuseme baada ya punguzo, kodi za nchi, bei za kanda na marejesho, wastani wa kopi ni dola 9. Toa 30 ya Steam: inabaki 6.30. Tuseme asilimia 40 ya mapato ni ya Marekani. Zuio la 30 juu ya sehemu hiyo ni senti 76 hivi. Mkononi unabaki na takriban dola 5.54. Andika namba yako hiyo mahali, maana ndiyo kipimo cha kila ofa itakayokuja.

Huduma za mwezi hulipaje

Hakuna bei ya rafu. Mwaka 2020 Phil Spencer, aliyekuwa akiongoza Xbox, alieleza hadharani kwamba mikataba ya Game Pass hutofautiana sana: mingine hulipa gharama yote ya kutengeneza gemu, mingine ni kiasi kimoja kilichokubaliwa, mingine hutegemea gemu inavyochezwa. Ukiondoa majina, utakutana na maumbo manne.

Malipo ya mkupuo ni rahisi kuyaelewa: wanakupa kiasi fulani, gemu inakaa kwao kwa muda fulani. Ufadhili wa utengenezaji ni mkupuo unaolipwa kwa hatua wakati kazi bado inaendelea. Mgao wa matumizi hugawa mfuko mmoja kwa kadiri ya saa au siku ambazo gemu imechezwa. La nne ni mchanganyiko: kiasi cha chini kilichohakikishwa, na mgao juu yake.

Mgao wa matumizi pekee ndio wa kuogopa, na sababu ni hesabu tu. Gemu ya hadithi ya saa tatu ikichezwa hadi mwisho na watu 50,000 imezalisha saa 150,000. Gemu ya kurudiarudia, ile ya kufa na kuanza upya, ikikamata watu 5,000 kwa saa 40 kila mmoja imezalisha 200,000. Ya pili italipwa zaidi ilhali imependwa na watu mara kumi pungufu. Mfuko wa saa humvuta mtengenezaji kurefusha gemu kwa vijazio, na gemu fupi nzuri huharibika hapo. Apple ilionyesha mwelekeo huo mapema: katikati ya 2020 Bloomberg iliripoti kwamba Apple Arcade ilivunja mikataba na baadhi ya studio, ikitaka gemu zinazowafanya watu waendelee kujisajili, na Grindstone ya Capybara Games ikatajwa kama mfano wa kuigwa. Studio zilizokuwa zimepanga mishahara kwa fedha hizo zilibaki na gemu nusu.

Kiasi cha mkupuo hufichwa na vifungu vya usiri, lakini kesi za mahakamani zimevujisha kidogo. Katika kesi ya Epic dhidi ya Apple mwaka 2021, nyaraka zilionyesha Epic ililipa dola milioni 1.4 ili kuigawa Subnautica bure na dola 50,000 kwa Super Meat Boy. Huo ni ugawaji wa bure, si usajili, ila namna ya kuthamini ni ileile. Nyaraka za Microsoft, kampuni yenye Xbox, zilizovuja Septemba 2023 zilionyesha makadirio ya ndani ya mwaka 2022 kwamba Baldur's Gate 3 ya studio huru ya Larian ingepatikana Game Pass kwa takriban dola milioni 5. Gemu hiyo ilitoka Agosti 2023, ikauzwa kwa bei kamili mamilioni ya kopi. Mnunuzi hukadiria kabla soko halijasema, na hukadiria kwa faida yake.

Je, usajili hula mauzo?

Ndiyo, mahali gemu ilipo. Katika uchunguzi wa mamlaka ya ushindani ya Uingereza kuhusu Microsoft kuinunua kampuni ya gemu ya Activision, Microsoft yenyewe ilikiri kwamba mauzo ya gemu hupungua katika miezi 12 baada ya kuingia Game Pass. Ubishi uliobaki ni kama kelele za wachezaji wengi huongeza mauzo kwingine.

Hapo mifano ipo. Palworld ya Pocketpair ilitoka Januari 2024 Steam na Game Pass kwa pamoja. Baada ya mwezi mmoja hivi ilikuwa imeuza kopi milioni 15 Steam, na wachezaji milioni 10 upande wa Xbox. Clair Obscur: Expedition 33 ya Sandfall iliingia Game Pass siku ya kwanza, Aprili 2025, na bado iliuza kopi milioni moja kwa siku tatu. Hollow Knight: Silksong ilifanya vivyo hivyo Septemba 2025, na Steam ikajaa wachezaji zaidi ya laki tano kwa wakati mmoja.

Mifano hii hutajwa mno, na ina kasoro moja: ni gemu ambazo zingeuza hata zikifichwa chini ya kitanda. Silksong ilikuwa imesubiriwa miaka. Gemu isiyo na jina haiwezi kujipima nazo. Kwa gemu ndogo, kinachoamua ni jukwaa. Turudi kwenye hesabu yetu: ofa ya mkupuo ya dola 100,000, nayo ikatwe zuio kwa uwiano uleule, inabaki dola 88,000. Gawa kwa 5.54: ni kama kopi 15,900. Tuseme unatarajia kopi 30,000 mwaka wa kwanza, 26,000 za kompyuta na 4,000 za Xbox. Ofa ikiwa ya konsoli pekee, hata ukipoteza mauzo yote ya Xbox umebaki na faida kubwa. Ikiwa inajumuisha kompyuta pia, utaanza kupata hasara pale itakapokula zaidi ya asilimia 45 hivi ya kopi zako za kompyuta, ikiwa zile 4,000 nazo zimeondoka. Huenda isile kiasi hicho. Lakini sasa unacheza kamari, na jukwaa la kompyuta linastahili bei yake kwenye mkataba.

Huduma kwa huduma

Game Pass ndiyo yenye mlango mpana kwa wadogo, kupitia mpango wa ID@Xbox ulioanza 2013, ambao huwapa waliokubaliwa mashine mbili za majaribio bure. Ilikuwa na wanachama milioni 34 Februari 2024. Oktoba 2025 daraja la Ultimate lilipanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Kwa mtengenezaji, bei ya juu haimaanishi mgao wa juu. Mkupuo wako umeshaandikwa.

PlayStation Plus huchukua gemu chache za siku ya kwanza, na huchagua. Stray ya BlueTwelve iliingia daraja la Extra siku ilipotoka, Julai 2022. Kwa gemu za wengi mtandaoni historia ni nzuri zaidi: Rocket League mwaka 2015 na Fall Guys mwaka 2020 ziligawiwa kwa wanachama siku ya kwanza, na umati huo ndio uliozipa uhai. Gemu ya namna hiyo ikikosa wapinzani wa kutosha saa tisa usiku, mnunuzi huirudisha.

Tales of Kenzera: Zau inatugusa karibu zaidi. Ni kazi ya Surgent Studios, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na ina sauti kamili za Kiswahili. Ilitoka Aprili 2024 chini ya mchapishaji EA kwa dola 19.99, na siku hiyohiyo ikawekwa PlayStation Plus Extra. Julai mwaka huohuo studio ilipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Haitakuwa haki kuubebesha usajili lawama hiyo, kwani mwaka ule sekta nzima ilikuwa inapunguza watu. Linaloonekana wazi ni kwamba kuwemo kwenye huduma kubwa siku ya kwanza hakuihakikishii studio fedha za gemu inayofuata. Na kwa mchezaji wa Mombasa au Tanga kuna kichekesho: gemu inasema Kiswahili, lakini Kenya wala Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, kwa hiyo hulazimika kufungua akaunti ya nchi nyingine.

Apple Arcade ilianza Septemba 2019 kwa dola 4.99, ikapanda hadi 6.99 Oktoba 2023. Hairuhusu matangazo wala ununuzi ndani ya gemu. Mwanzoni ilidai haki ya pekee kwa simu lakini iliacha konsoli huru. Sayonara Wild Hearts ilitoka Arcade, Switch na PS4 siku moja. Tangu 2021 huchukua pia gemu za zamani zilizokwisha kuuzwa, na kwa studio yenye gemu ya miaka mitatu iliyoishiwa mauzo, hilo ndilo pato safi kuliko yote.

Netflix ina fundisho la aina yake. Hades iliingia simu za iPhone kupitia Netflix pekee Machi 2024. Julai 2025 ikaondolewa pamoja na gemu nyingine nyingi. Huduma ikibadili mkakati, toleo la simu lililopatikana kwao tu linabaki bila duka. Hakikisha mkataba unasema msimbo wa toleo hilo ni wako na unaweza kuliuza kwingine siku ya pili.

Yanayoharibika kiufundi

Toleo la Steam si toleo la Microsoft lenye nembo tofauti. Steam ina mfumo wake wa tuzo, wa kuhifadhi maendeleo mtandaoni na wa kuwakutanisha wachezaji. Microsoft ina wake. Kwa gemu ya mchezaji mmoja, tenga wiki sita hadi kumi za mtayarishaji programu mmoja, na juu yake mtu wa kupima. Gemu ya wengi iliyojengwa juu ya vyumba vya Steam itawatenga wachezaji wa pande mbili, isipokuwa ulitumia tangu awali huduma isiyofungamana na duka, kama Epic Online Services ambayo ni bure. Palworld ilikumbana na hili: wachezaji wa Steam na Xbox hawakuweza kucheza pamoja hadi Machi 2025, na marekebisho ya Xbox yalichelewa kwa kuwa kila moja hupitia ukaguzi.

Ukaguzi huo wa konsoli hukwama kwa mambo madogo: kidhibiti kikichomolewa gemu isisimame, akaunti ikibadilishwa katikati data ichanganyike, mashine ikilala gemu isiamke. Peleka toleo la ukaguzi wiki sita kabla ya tarehe, si mbili. Tarehe ikiteleza, malipo nayo huteleza, kwa sababu mara nyingi yamefungwa kwenye kupita ukaguzi.

Kuna pia suala la maoni. Steam huhesabu kwenye alama ya gemu maoni ya walionunua Steam tu, na alama haionekani hadi yafike kumi. Mashabiki wako wa karibu wakicheza kupitia Game Pass, maoni ya siku za kwanza hupungua mahali unapoyahitaji zaidi. Waombe wale mia wa mwanzo, kwa lugha ya wazi, wanunue Steam.

Vifungu vya kupigania

Kila jukwaa liwe na bei yake: konsoli, kompyuta, na kucheza kwa mtiririko mtandaoni. Muda uwe na tarehe ya mwisho, miezi 12 kwa mfano, na kuongezwa kuwe kwa makubaliano mapya, si kwa ukimya. Usajili uchukue gemu ya msingi tu. Nyongeza uziuze, kwa kuwa mwanachama aliyeipenda gemu ndiye mnunuzi wake mkuu.

Dai sehemu ya fedha siku ya kusaini. Mgawanyo wa asilimia 30 kwa saini, 40 kwa kupita ukaguzi na 30 kwa siku ya kutoka ni ombi la busara. Kodi ya zuio ijadiliwe kabla: ama walipe juu ya kiasi kilichokubaliwa ili kiasi kamili kikufikie, ama sehemu inayohesabiwa kuwa ya Marekani iandikwe kwa asilimia.

Soma kwa makini vifungu vinavyokuzuia kuingia huduma nyingine, kugawa bure, au kushusha bei. Kizuizi cha bei kinaweza kukunyima punguzo la kwanza Steam. Vilevile uliza ni lini unaruhusiwa kutangaza. Ukilazimishwa kunyamaza hadi wao watangaze, miezi ya kukusanya wanaosubiri hupita bure. Na kiwepo kifungu cha huduma kufungwa: Google ilizima Stadia, huduma yake ya kucheza gemu kwa mtiririko, tarehe 18 Januari 2023.

Nani achague nini

Gemu fupi ya hadithi, saa mbili hadi sita, ichukue mkupuo na ikatae mgao wa saa. Gemu ya wengi mtandaoni iingie hata kwa bei ya chini, mradi mauzo ya nyongeza yabaki yako. Gemu yenye wanaosubiri wengi Steam ikubali konsoli na iiuze kompyuta kwa bei ghali au isiiuze kabisa. Studio isiyo na akiba ya miezi minne haina anasa ya kusubiri soko. Ufadhili wa kumaliza kazi, hata mdogo, ni bora kuliko kutoa gemu yenye hitilafu Machi kwa sababu kodi ya ofisi ni Machi.

Usipopata ofa kabla ya kutoka, mlango haujafungwa. Uza kopi miezi sita hadi kumi na miwili, mauzo yalale, kisha wasilisha gemu kwa huduma ukiwa na takwimu: kopi ngapi, wastani wa saa kwa mchezaji, asilimia ya waliomaliza, alama ya maoni. Wakati huo mauzo yatakayoliwa ni machache, na bei utaitaja wewe kwanza. Weka kwenye barua kurasa mbili, toleo la kujaribu linalofunguka bila maelekezo, na video ya sekunde 60 inayoanza na mchezo wenyewe badala ya nembo ya studio. Wakijibu kwa ofa yenye siku tatu za kuamua, omba wiki mbili na mwanasheria wa mikataba. Ofa ya kweli hustahimili wiki mbili.